Bahasha Iliyorudi kwa Karani

Wifi,

Maharage yameiva, yaunge tu. Nguo za wanao zianue mapema.

Leo asubuhi karani wa wakimbizi amenionyesha bahasha ya kibali changu cha ukaazi. Ililetwa hapa, ikarudishwa. Tarishi ameandika juu yake: "Hajulikani hapa."

Uliyemfungulia mlango ni wewe. Najua ulidhani katumwa na mwenye nyumba kutuhesabu vichwa. Lakini mimi ninayelala sebuleni kwako mwaka wa pili, hunijui? Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi ulinipa ufagio siku ya kwanza.

~~Kesho nahama.~~ Nihamie wapi? Karani anataka uandike kwa mkono wako kwamba nakaa kwako. Kalamu hiyo hapo.

Dada wa mumeo,
asiyejulikana hapa