Kura ya Pili Auchenlee

Corby, 9 Februari

Mpwa wangu Senga,

Nakusalimu wewe na nyumba yako, na wote wanaoniulizia huko, kama wamebaki. Mimi nipo. Kifua ni kile kile nilichotoka nacho kwenye tanuri za chuma. Daktari amebadilisha dawa, kifua hakikubadilika. Simu usinipigie, masikio yametangulia. Andika.

Nimepata habari kwamba Chama kimekusimamisha ugombee jimbo la Auchenlee. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Marehemu mama yako angecheka hadi apaliwe: mpishi wa shule, bungeni Edinburgh! Kisha angekuuliza viatu vya kwendea huko umevipata wapi.

Sasa nisikilize. Nina miaka themanini na mmoja. Siku ya kura ya maoni ya uhuru nilikaa hapa Uingereza bila karatasi ya kupigia, maana wakaao nje hawakupewa, nikaitazama Uskoti kwenye televisheni ikikataliwa na watu wake wenyewe. Tukikosa wabunge wa kutosha Mei hii, London haitatupa kura ya maoni nyingine, na wa kuidai sitakuwa mimi. Kwa hiyo tangu mwaka mpya nimekaa na penseli.

Unajua mpiga kura hupewa karatasi mbili. Ya zambarau ni ya mtu wa jimbo. Ya rangi ya pichi ni ya chama, kwa mkoa mzima. Lakini viti vya mkoa ni vya kufidia walioshindwa: kadiri chama kinavyoshinda majimbo mengi, ndivyo kura zake za pichi zinavyogawanywa. Mkoa wenu una majimbo tisa. Mkiyashinda yote, kura zenu elfu tisini zitagawanywa kwa kumi, yaani majimbo tisa na moja juu yake, zibaki elfu tisa, na hizo hazinunui hata kiti cha msalani. Kura hizo hizo wakipewa wenzetu wa kile chama kidogo cha uhuru, ambacho hakina jimbo hata moja, hazigawanywi. Zinaleta wabunge wa upande wetu.

Kwa hiyo waambie watu: zambarau kwa Senga, pichi waazimeni wale wadogo. Sema kwa mdomo, mlangoni, usiandike popote. Makao makuu wakisikia unamfanyia kampeni mwingine, watakufukuza uanachama.

Hatari ni moja. Jina lako ni la kwanza pia kwenye orodha ya mkoa. Ukishindwa jimbo, pichi ndiyo wavu wa kukudaka. Ukiigawa, unatembea juu ya kamba na chini hakuna kitu. Ndiyo maana kwanza nataka namba. Gonga milango, kisha niandikie: kati ya kumi, ni wangapi?

Mjomba wako,
Dugald


Auchenlee, 26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima, baridi tu. Natumaini kifua kimeanza kuisikia dawa mpya. Nimekuwekea soksi humu, usiseme unazo.

Nimegonga mitaa kumi na mmoja. Mjomba, ni saba kati ya kumi. Mtaa wa Kirk ni nane! Sikutarajia. Tam Purdie alifungua na mswaki mdomoni.

"Kura yangu unaiulizia wewe, Senga? Nani aliyenipa viazi vya pili miaka sita mfululizo?"

"Nataka ndiyo au hapana, Tam, sitaki habari za viazi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo! Funga geti, mbwa asitoke."

Ndivyo ilivyo kila mlango. Nimewapikia miaka ishirini na saba, wengine wana watoto wao sasa, wananiita ndani, wananipa chai mpaka tumbo linalia. Tuna msaidizi mmoja kutoka Stirling, Bi. Greer, mstaafu wa posta. Yeye alirudia Mtaa wa Kirk peke yake baada ya wiki moja akapata wanne kati ya kumi. Nikamwambia, "Bi. Greer, ungenigongea mimi na sauti hiyo ya karani wa mahakama ningekunyima hata maji." Alicheka kidogo. Nimeandika nane.

Mwenyekiti wa tawi, Eck Lindores, amenusa jambo. Alinishika mkono nje ya ukumbi. "Kura zote mbili kwa Chama, Senga. Hiyo ndiyo amri. Mjomba wako yuko Corby anapigana vita kwa darubini." Nikamjibu kwamba darubini yako inaona kuliko miwani yake. Lakini usiku huo huo nilijuta, si kwa sababu ya Eck. Jikoni nimeshaaga. Wameajiri mwingine. Nikikosa kiti hiki sina pa kurudi.

Nifanye?

Mpwa wako,
Senga


Corby, 4 Machi

Senga mwanangu,

Salamu. Soksi zimefika na ninazo miguuni, sina la kusema.

Saba kati ya kumi! Nimezizungusha namba zako kila upande. Hata tukitoa waongo, wavivu na watakaokufa kabla ya Mei, jimbo ni lako kwa kura elfu tatu. Ile nne ya Bi. Greer nimeitazama kidogo, kisha nimeifuta. Mgeni hajui watu. Ukimgongea Mskoti mlango wakati wa chakula atakuambia yeye ni mfuasi wa shetani ili uondoke.

Fanya. Pichi waazimeni wale wadogo. Eck mwache na amri zake. Watu kama yeye wangekuwa wanatuongoza tangu zamani, leo tungekuwa bado tunaandika maombi kwa heshima kubwa.

Mjomba wako,
Dugald


Auchenlee, 17 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hali zetu si mbaya. Kifua chako je? Mwandiko wako umelegea.

Nimefanya. Kwa hesabu yangu nimeshawaambia watu elfu mbili, na wengi wameitikia. Lakini kuna kitu sikipendi. Milangoni bado ni ndiyo, ndiyo, karibu chai. Dukani nikikutana nao wanatazama viatu vyao. Bi. Nettie Gilfillan alivuka barabara aliponiona, na barabara ile hana shughuli upande wa pili.

Mjomba, zimebaki wiki tatu. Niwarudie niwaambie pichi nayo waipe Chama? Nikianza kesho nitawafikia wengi. Ninaogopa. Niambie niwarudie na nitawarudia.

Mpwa wako,
Senga


Corby, 21 Aprili

Senga,

Usiwarudie. Ukimwambia mtu hivi leo na vile kesho, hatakupa hata ile ya zambarau. Wanatazama viatu kwa sababu mtu unayekwenda kumchagua ni aibu kumkodolea macho. Najua watu wetu.

Nakuomba, mwanangu. Sina uchaguzi mwingine baada ya huu.

Mjomba wako,
Dugald


Corby, 11 Mei

Mpwa wangu,

Nimesoma gazeti. Nimelisoma tena, nikidhani wamekosea kupiga chapa. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mjomba


Corby, 19 Mei

Senga,

Jirani amenisaidia kukupigia simu. Anasema inaita tu. Sikuulizi habari za kura. Nauliza kama unakula.

Mjomba wako


Auchenlee, 28 Mei

Mjomba,

Samahani kwa ukimya. Ninakula.

Walihesabu kesho yake ya kura, Ijumaa mchana, kwenye ukumbi wa michezo. Sisi wa vyama tunasimama nyuma ya uzio na kuchungulia karatasi zinavyopangwa. Bi. Greer alikuwa na kijitabu, anachora vijiti. Saa sita akakifunga, wala hakunitazama. Nilishindwa kwa kura mia sita na kumi na moja.

Majimbo manane tulishinda, moja tukakosa, langu. Nikasema bado pichi. Saa kumi wakasoma za mkoa. Orodha yetu ilipungukiwa kura mia tisa kupata kiti cha mwisho. Mia tisa, Mjomba, nami niliwatuma elfu mbili kwingine kwa mdomo wangu. Na wale wadogo hawakufika kokote, hawana hata kiti. Kikachukuliwa na mtu wa Muungano, wale wasiotaka uhuru. Bunge zima upande wa uhuru tuna viti sitini na vinne. Vilihitajika sitini na vitano ili tuwe wengi.

Hilo bado si lenyewe. Jumatatu iliyofuata nilikuwa dukani nanunua mkate. Tam Purdie akanifuata mpaka kwenye maziwa.

"Senga, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Sikukupigia. Wala mke wangu."

"Tam! Ulisema ndiyo! Ulisema mara mbili!"

"Sasa ningekuambiaje hapana? Usoni? Wewe? Umenilisha tangu nina miaka mitano!" Akaanza kulia pale pale, jitu zima, na kikapu mkononi. "Tulidhani hamna neno, utapita kwa wengine."

Wote walidhani hivyo, Mjomba. Mtaa mzima. Hakuna aliyeweza kuninyima kitu mlangoni, kwa hiyo walininyima mahali nisipoona. Bi. Greer aliambiwa ukweli kwa sababu hawamjui. Mimi nikamcheka. Namba zile ulizozizungusha na penseli yako zilikuwa adabu tu za watu.

Sasa Eck amejua habari ya kuazima pichi. Mkutano wa tawi ni Jumamosi tarehe kumi na tatu Juni, ajenda ni kunifukuza. Kazi sina, kiti sina. Chama ndicho kilichobaki chenye jina langu ndani.

Senga


Corby, 2 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kifua si kizuri, tusikiongelee.

Namba zilikuwa zako, lakini ile nne niliifuta mimi, kwa raba, nakumbuka hata mkono ulivyokwenda. Na ulipoomba kurudi nyuma, wiki tatu zikiwa zimebaki, ni mimi niliyekukatalia. Najua watu wetu, niliandika. Niliondoka huko nina miaka ishirini na mmoja.

Sikiliza mpango. Humu kuna barua ya kumpa Eck. Nimeandika kwamba wazo ni langu toka mwanzo hadi mwisho, kwamba nilikushurutisha kama mjomba, nawe ulitii kama mtoto wa dada. Nimekuwa mwanachama miaka hamsini na minane, kwa posta. Michango yangu haikukosa hata mwezi tuliogoma. Tawi linataka mtu wa kulipia kiti kile. Mtu huyo wampate. Wewe una miaka mingi ya kuwafaa, mimi sina hata ya kuwachosha.

Eck atauliza ni nani wanaokubali Dugald Haddow afukuzwe. Mkono wako uwe wa kwanza kwenda juu. Usingoje kuona wengine. Ukisita hata kidogo watajua tumepanga, na watakuondoa pamoja nami.

Nikiwa huku sikuweza kukupa kura hata moja. Hili naweza.

Mjomba wako,
Dugald


Auchenlee, 15 Juni

Shikamoo Mjomba,

Eck aliisoma barua yako yote kwa sauti. Ilipofika mahali pa michango ya mwezi wa mgomo alisimama, akanywa maji, akaendelea. Walikuja watu thelathini na wawili. Kabla ya Mei tulikuwa tunajaza ukumbi.

Mmoja wa nyuma akasema, "Huyu mzee wa watu yuko Uingereza tayari. Tumfukuze aende wapi tena?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mjomba, kicheko kilinitoka tu, na nitakuwa nakisikia mpaka nife.

Bi. Mysie Tweedie, mweka hazina, akasema, "Anayekubali kosa kwa mkono wake mwenyewe angepewa onyo." Eck akasema kanuni ni kanuni. Akauliza nani anakubali.

Niliinua. Wa kwanza, kama ulivyosema. Eck alinitazama muda mrefu, nadhani alitaka niushushe. Sikuushusha. Kisha wakainua wengine, mmoja mmoja, kama watu wanaoshika chombo cha moto. Mikono thelathini na mmoja. Bi. Mysie hakuinua.

Mimi nimepewa onyo. Walipokuwa wanatoka Eck aliniambia uchaguzi wa halmashauri unakuja, wanataka niongoze wagonga milango. Nikamwambia nitaongoza, ila sitagonga. Nitapeleka watu wasiojulikana hapa. Alielewa.

Niandikie, Mjomba. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mpwa wako,
Senga


Corby, 3 Julai

Senga,

Salamu kwako na kwa Bi. Mysie, nisiyemjua. Sikuchelewa kwa ugonjwa.

Hilo la kupeleka wageni milangoni ni sahihi, nami ningepaswa kuliona Machi. Shikilia hapo hapo.

Makao makuu wameniandikia kwa adabu kwamba wanataka kadi yangu irudi. Nimeiweka humu. Usiitie posta, mpe Eck mkononi.

Ulifanya nilivyokuomba, na kwa namna niliyokuomba, na tawi bado unalo. Sina lawama, wala usiitafute kwenye mistari yangu. Lakini nilikushauri kwa uongo wa watu wengine, sitaki nikuongezee wangu. Nilipofika pale ulipoandika "Niliinua", niliiweka barua mezani, nikakaa. Ndipo nilipojua kwamba, tangu siku nilipokuomba uinue, nilikuwa natumaini hutainua.

Mjomba wako,
Dugald