Zizi la Anitha

Miyuji, Dodoma
5 Februari 2023

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini hamjambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mzima, ila wiki nzima usingizi umenipaa kwa furaha.

Nimefungua kampuni. Unazikumbuka zile sarafu za mtandaoni nilizokueleza nikiwa bado nasoma chuo kikuu, Chimwaga, ukasema ni pesa za majini? Watu wengi wanazitaka lakini hawajui pa kuanzia, tena wanaogopa kuibiwa. Basi nimetengeneza programu ya simu. Mtu ananitumia fedha, mimi namnunulia sarafu na kumtunzia, na kila asubuhi anaona kwenye simu yake mali imefikia wapi. Ni kama wewe na ng'ombe wa watu: mali ni yao, utunzaji ni wako. Ndiyo maana nimeiita Zizi.

Nimeandika kwa mkono kama ulivyonizoesha tangu bwenini, maana simu huwa unaipokea ili uulize vocha tu. Barua atakuletea Silvano, kondakta wa basi la huko.

Mwanao,
Anitha


Handali
20 Februari 2023

Mbukwa mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Mgongo wa mama yako umepona siku ileile ilipofika barua, akasahau hata kulalamika. Nimeisoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu nikamsomea yeye, mara ya nne nikaisoma kanisani baada ya matangazo. Mchungaji alinivumilia. Nina vijana watatu wa kiume, na aliyerithi zizi ni binti! Kaka yako Marko amenuna kidogo. Atapona.

Ila nina swali moja, la mchunga ng'ombe. Ng'ombe wa mtu akifia kwangu, nampelekea mwenyewe ngozi, namtandikia chini aione alama zake, namweleza alivyokufa. Unakumbuka mwaka ule wa ukame, ukiwa darasa la tatu, tulivyosukuma baiskeli hadi Mvumi na ngozi saba? Ulilia njia nzima ukidhani tutapigwa. Yule mzee mwenye ng'ombe alizitazama moja moja, kisha masika yaliyofuata akaniletea mitamba mitatu.

Sasa sarafu ikifa, ngozi yake iko wapi?

Baba yako,
Baba Marko


Miyuji
2 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Uwele mmevuna vizuri? Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi.

Swali lako la ngozi niliwasomea wafanyakazi wangu, wakacheka hadi machozi. Sarafu haifi, baba. Inapanda na kushuka, basi. Na yetu inapanda. Wateja wamefika elfu kumi na moja. Ofisi tumeihamishia kwenye ghorofa, nimenunua gari na nyumba, na wiki iliyopita Chimwaga walinialika nizungumze na wanafunzi, kwenye ukumbi uleule nilimokuwa nasinzia kwa njaa.

Wakauliza nani alinifundisha biashara. Nikasema ni mzee mmoja wa Handali, elimu yake darasa la saba, ambaye hajawahi kugombana na mtu juu ya ng'ombe. Wakasimama wote wakapiga makofi. Ulikuwa unapigiwa wewe.

Koti hili ninalokutumia, livae. Usilifungie sandukuni.

Mwanao,
Anitha


Handali
15 Oktoba 2023

Mwanangu mbukwa,

Mama yako anakusalimu na anasema ule vizuri. Koti limenikaa kama nimezaliwa nalo. Jua linawaka, jasho linatiririka, nami silivui.

Nimetangaza kwamba kuanzia sasa mimi ni Baba Anitha. Anayeniita Baba Marko simwitikii. Marko mwenyewe anacheka, kisha naye ananiita hivyohivyo.

Jambo lingine. Jirani yetu Paulina, yule mjane, alikuwa anasita kuweka fedha kwako. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu: "Zizi la Anitha ni zizi langu." Akauza ng'ombe wawili, ada ya sekondari ya binti yake Ruthu. Wengine wanane wakamfuata. Ng'ombe wao niliwasindikiza mnadani mwenyewe, nikiwa na koti.

Wewe chunga tu. Sifa niachie mimi.

Baba Anitha


Handali
8 Juni 2024

Mwanangu,

U hali gani? Sisi wazima. Hii ni barua ya tatu na hujajibu.

Januari Paulina alitaka kutoa ada ya Ruthu. Simu inamwonyesha mali imeongezeka, lakini akibonyeza atoe inamwambia asubiri. Amesubiri hadi leo. Ruthu yuko nyumbani. Silvano anasema amepita ofisini kwenu akakuta mlango wa mbele umefungwa kwa mnyororo.

Watu hawajaniuliza kitu. Wananisalimia kwa heshima sana, na heshima yenyewe imezidi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Baba Anitha


Miyuji
14 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Ni matengenezo ya mtambo tu. Waambie wavumilie wiki mbili. Usije mjini, tafadhali. Nina haraka.

Anitha


Handali
30 Agosti 2024

Anitha mwanangu,

Mbukwa. Sikuulizi hali, maana gereza la Isanga nalijua kwa nje, na ya ndani naweza kukisia.

Habari za kukamatwa kwako tulizisikia redioni, mimi na mama yako, chakula kikiwa mezani. Kufanya biashara ya fedha bila leseni, na kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mama yako akazima redio, akaendelea kupakua. Kesho yake nikaja. Nimekaa pale getini tangu asubuhi hadi saa nane, ukatuma neno kwamba hutoki. Sawa. Mtu ana haki ya kuona haya mbele ya baba yake.

Nilimwona wakili wako. Kijana msafi, anaongea haraka. Anasema utasema wezi wa mtandao waliingia wakabeba sarafu zote, na kwamba hakuna wa kuthibitisha vinginevyo, huenda ukatoka. Nikamwuliza, ni kweli? Akaniambia, "Mzee, kweli sio kazi yangu." Nimeshika nauli yangu nikarudi.

Barua yako ya Juni hukuandika "mwanao". Nilijua siku ileile kwamba kuna ng'ombe amekufa zizini na wewe umemfunika majani.

Nakutaka utoke, Anitha. Usiku na mchana nakutaka utoke. Lakini kuna mfugaji mmoja huku, simtaji, ng'ombe wa watu walimfia akasema wamechukuliwa na fisi. Hakufungwa, hakupigwa hata kofi. Mpaka leo hakuna aliyempa hata mbuzi achunge, na wanawe hivyohivyo.

Ngozi iko wapi?

Ni mimi baba yako, ninayekupenda


Isanga, Dodoma
22 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nisalimie mama, mwambie nakula. Barua hii askari ataisoma kwanza. Naye asome.

Hakukuwa na wezi. Nilichukua fedha za watu, karibu zote, nikazinunulia sarafu ya aina moja, kwa kuwa ilikuwa inapanda na nilitaka tupande nayo. Novemba ikaanguka kwa siku nne. Wiki chache tu baada ya Paulina kuuza ng'ombe wake. Ningesema siku hiyo, labda ningewarudishia robo. Lakini ndiyo wiki niliyokuwa nimealikwa kupokea tuzo, baba, na gauni lilikuwa limeshashonwa. Nikaacha simu za watu zionyeshe namba nzuri. Anayetoa nikamlipa kwa fedha za anayeweka. Leseni sikuwahi kuwa nayo, niliona ni karatasi tu.

Uliponiuliza habari za ngozi, nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu.

Ngozi ipo. Kila sarafu ilikokwenda imeandikwa, haifutiki. Karatasi zake ni mia mbili na kitu. Wakili anasema nikizitoa nitafungwa, na yeye atajitoa. Ninaogopa sana, kuliko siku ile ya baiskeli.

Mwanao,
Anitha


Handali
3 Machi 2025

Mwanangu Anitha, mbukwa,

Mama yako hajambo. Mvua zimenyesha, uwele umesimama vizuri. Natumaini afya yako ni njema huko uliko.

Nakuandikia ya mahakamani, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo hukuona. Nilikuwa benchi la tatu, na koti. Paulina alikuwa pembeni, hatukusemeshana. Hakimu aliposoma mashtaka, ukasema, "Ni kweli, mheshimiwa," nyuma yetu watu wakaguna. Kisha ukaomba ueleze. Ukaanza kutoa zile karatasi moja moja, hii ilikwenda huku, hii niliichukua mimi, hii ilifia hapa, na sauti haikutetemeka. Karani alichoka kuandika. Mzee mmoja aliyepoteza kiinua mgongo chake chote akaninong'oneza, huyu binti wa nani? Nikamwambia. Akasogea mbali nami kidogo, lakini aliendelea kusikiliza hadi mwisho.

Miaka mitatu, na gari na nyumba viuzwe watu wagawiwe. Nimelia, sitakuficha. Nimelia ndani ya koti lako.

Niliporudi nilitoa ng'ombe wangu wawili zizini nikampelekea Paulina, kwa kuwa mdomo uliosema "ni zizi langu" ulikuwa wangu. Amewapokea bila kunikaribisha kiti. Ruthu amerudi shule. Wale wanane nao nitawafikia, mmoja mmoja, nikijaliwa. Paulina hajatusamehe, wala sijamwomba. Ila yule ng'ombe wake mwekundu, uliyekuwa unamkamua ukija likizo, bado yumo zizini kwangu. Nilidhani atamhamisha. Jana amekuja, amemkagua kwato, akaondoka akamwacha.

Tangu ukamatwe watu huku walirudi kuniita Baba Marko. Wanafanya kwa huruma, wananificha aibu. Jumapili baada ya ibada nimesimama, mchungaji akanivumilia tena, nikawaambia huruma yao nimeiona na siitaki. Nikawaambia binti yangu ameleta ngozi elfu kumi na moja mbele ya watu, akazitandika mwenyewe, na hakuna mchungaji wa ng'ombe Handali hii, nikiwemo mimi, aliyewahi kuleta nyingi hivyo.

Nitakuja mwezi ujao siku ya kuona wafungwa. Safari hii utoke.

Ni mimi,
Baba Anitha