Madoa mekundu kwenye kompyuta

Shoga, nimechoka hata kuandika.

Asubuhi nilichomoa nyaya za zile mashine mbili za kutotolea vifaranga, nikafuta vumbi kwenye kompyuta inayoziendesha, nikazichomeka tena.

Kisha nikaiambia kompyuta izime mashine ya pili, ambayo ni tupu. Ikazima ya kwanza. Kumbe haijui mashine, inajua tundu, na mimi nilibadilisha matundu.

Mayai mia nne, shoga. Yamepoa tangu saa mbili hadi saa saba.

Bosi ameyashika moja moja, halafu akaniuliza taratibu, "Yale madoa mekundu kwenye nyaya na matundu yako wapi?"

Nikamwambia niliyasugua kwa spiriti. Nilidhani ni uchafu.

"Zilikuwa alama. Rangi yangu ya kucha."

Nilisugua nusu saa nzima, shoga.

Ameniwekea kichupa cha rangi hiyo mezani, akaondoka. Afadhali angenifokea.