Mufupa ya Kichwa Yenye Ilitoka Kabwe

Lubumbashi, siku ya posho, kusema Jumamosi, mwezi wa tisa. Jua kali toka asubui, vumbi ya mutaa wetu wa Hewa Bora imeingia mpaka ndani ya sahani. Na roho yangu haiko muzuri.

Sikusoma sana, munajua. Kwa hiyo musianze kunirekebisha herufi mu majibu yenu hapa chini kama juma lililopita. Munyamaze, musome.

Mujukuu wangu Nadine, mwenye nilimulea tangu mama yake alipokufa, anasomea mambo ya bantu ba zamani kwa universite. Siku ya kazi moja, kesho kutwa, atapita mupaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, kufundishwa kazi ya kuchimbua mifupa na kuitunza. Miaka mbili. Leo asubui alikuja kuniaga. Alinikuta na bamama ba kanisa, tunapanga maombi.

Kwetu, kambo, kusema babu ao bibi, na mujukuu wake banataniana. Ni desturi. Mimi namuita mbanda, kusema muke mwenzangu, ati alikuja kuninyanganya babu yake. Yeye ananiita kikapu ya zamani, muzee bila meno. Na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mwenye anakasirika ndiye mukosefu.

"Mbanda, umekuja kuiba nini tena?" nilimuuliza.

Akatoa telefone, akatuonyesha picha. Mufupa ya kichwa, ya muntu, lakini na mufupa ya nyusi nene kama ukingo wa chungu. Akaeleza: bachimbaji ba mine baliipata kule Kabwe, ku Zambia, wakati wa bazungu, ndani ya mwamba. Mwenyewe aliishi zamani sana, bantu habakukuwa bado kama sisi. Ukipanga mifupa ya namna ile, ya zamani mpaka ya karibu, unaona namna mwili wetu uligeuka pole pole. Halafu akacheka, akasogeza ile picha karibu na uso wangu.

"Bamama, mufananishe! Huyu kambo yangu, balimuchimbua wapi?"

Utani tu. Siku ingine ningemujibu kwamba pua ni yake, na tungecheka mpaka machozi.

Lakini Mama Josephine, mwenye anaongoza maombi, alisema, "Ee Yesu, amefanya kambo yake nyani." Bote bakaniangalia.

Haya ilinipanda mpaka kichwani. Nikasema, "Toka kwangu! Nilituma muntu kwa universite, bananirudishia shetani. Enda na mifupa yako. Baraka yangu usiingoje."

Akazima telefone. Akatoka.

Mimi niko muntu wa Biblia. Mungu alifinyanga Adamu na udongo, na sitaki mutoto wa juzi anifundishe ingine. Lakini ile mufupa haitoki mu macho yangu.

Ni meno.

Meno ya juu yameoza, yako na mashimo, kama yangu kabisa. Najua ile maumivu. Inakushika sikio, inakupasua kichwa, hata uji haupiti. Huyu wa Kabwe alilia. Nani alimupondea chakula? Nani alimufunika wakati alikufa?

Sijawahi kuhurumia nyani hivi.

Basi kama iko muntu, Mungu alimuumba siku gani? Nilitaka kumuuliza pasta. Sitamuuliza. Atanijibu haraka sana.

Jioni nikamupigia Nadine. Nilitayarisha tusi moja muzuri, ya kufungua mulango. "Wee mbanda, miguu ya bata, umejificha wapi?"

Nikangoja anitukane.

"Niko muzima, Kambo. Asante kwa kupiga. Munisamehe kwa ile ya asubui."

Munisamehe! Kama anaongea na mukubwa wa ofisi! Tangu azaliwe hakuniomba samahani hata siku moja, na vile ndivyo nilimulea. Nikakata.

Mujukuu akikuheshimu hivyo, amekwisha kuhama.

Kesho ni yenga, siku ya Mungu, na sitaenda kanisa. Mama Josephine anaweza kusema atakavyo. Nitaenda kwa chumba ya Nadine, nikae chini pale mulangoni, nimutemee mate ya baraka mu mikono apende asipende, na anionyeshe tena yale meno. Sitatoka mpaka anitukane.

Na akinikaribisha kwa adabu, akaniletea kiti?