Mtoto wa Wastani Halambi Vidole

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya: kukadiria sumu ya aseniki wanayoila watoto kwenye viwanja vya michezo. Mbao zilitiwa dawa ya mchwa zamani, na dawa ile ina aseniki. Mtoto anashika mbao, anatia mkono mdomoni. Basi! Mkurugenzi anataka ripoti kabla ya tarehe 12, uwanja wa chekechea unapozinduliwa upya. Wamepaka rangi — upande unaoonekana barabarani tu. Binti yangu anasoma pale. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Saa mbili nzima kwenye benchi, daftari mkononi, nahesabu vidole vinavyoingia midomoni. Mlinzi kaniuliza mara mbili mimi ni nani. Wastani: mara kumi na tisa kwa saa. Binti yangu — tunamwita Kidole, na si bure — arobaini na tatu. Alinipungia mkono. Ule mwingine ulikuwa mdomoni.

Alhamisi, 7 Machi
Leo ilikuwa kufuta mikono ya watoto thelathini kwa vitambaa vya maji, vitambaa viende maabara. Mwalimu mkuu kasikia wageni wa serikali wanakuja. Kwa heshima yetu kawanawisha wote kwa sabuni! Wamepanga mstari, wananukia maua. Nikamwambia, mwalimu, sisi tumefuata uchafu. Akanuna: shule yake haina uchafu. Dereva wetu akasema tufute tu, hatuna siku nyingine. Tukafuta. Najuta tangu nilipofunga kisanduku cha sampuli.

Jumatatu, 11 Machi
Majibu ya maabara: karibu sifuri. Mkurugenzi kacheka mpaka kitambi kikatikisika. Nikamweleza habari ya sabuni. Vizuri, akasema, tuandike kwamba watoto hunawa. Nikamwonyesha ile kumi na tisa. Ah, Mama Kidole, mtoto wa wastani hana tabia mbaya hivyo! Akaikata, akaandika mbili. Kucheza: dakika kumi kwa siku, mvua ikinyesha hapana.

Ningependa kukutana na huyu mtoto wa wastani. Hachezi, halambi, ananawa bila kuambiwa. Nadhani keshaoa.

Nimechapa ripoti, hasira zimenijaa. Imebaki sahihi yangu. Bila hiyo haitoki.

Jumanne, 12 Machi
Naandika nyuma ya hema, uwanjani. Utepe umekatwa. Mkurugenzi kahutubia: salama kabisa, na mtaalamu wetu atatia sahihi mbele yenu! Makofi. Kaja na mjukuu wake wa kike, miaka mitatu, viatu vipya. Mtoto analilia ngazi. Babu hajamshusha tangu asubuhi! Mpiga picha kaomba amkalishe kwenye mtelezo, picha moja tu. Mkurugenzi kasema mtoto ana mafua.

Halafu akanifuata huku nyuma, sauti ya chini: nina kitambaa cha maji? Mtoto kaponyoka kidogo, kashika nguzo. Nikampa. Kafuta kidole kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha. Akanirudishia — nikitupe.

Sikukitupa. Nimekitia kwenye kisanduku, nimekiandika namba 31. Sampuli pekee isiyonukia sabuni.

Kipaza sauti kinaniita nikatie sahihi. Kinaniita tena. Kidole yuko juu kabisa ya ngazi, kaniona, ananipungia mkono. Ule mwingine —