Laini Niliyoinyamazia

Jumatatu, 3 Machi
Mita za umeme kumi na moja, zote nimesoma kabla ya saa mbili. Matumizi ya bweni la wasichana yamepanda tena. Pasi na majiko ya koili, hata wakikataa mpaka kesho.

Karakana kimya. Miaka kumi na tisa, umeme ukigoma chuo hiki, watu walikuja kuniuliza mimi. Sasa wanakwenda kwa Injinia Koku, aliyeletwa Januari kusimamia mradi wa kupunguza umeme na moshi wa jenereta. Ana miaka ishirini na nane. Ana tableti. Mimi nina bisibisi na madaftari.

Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Mkutano. Koku kaonyesha ukutani, kwa rangi, umeme unaopotea Jumamosi na Jumapili, taa za korido zikiwaka bila mtu. Mkuu wa chuo akapiga makofi. Jambo hilohilo nililisema mimi miaka minne iliyopita, nikaambiwa nikabadilishe balbu.

Dawa yake ni swichi za saa. Ijumaa jioni zinakata laini za korido na madarasa, Jumatatu alfajiri zinarudisha. Ni wazo zuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Koku kaja karakana. Shikamoo ya kushusha magoti, kama alivyolelewa kwao Bukoba. Akaomba nizunguke naye kila jengo nimwonyeshe laini ipi inabeba nini. Nikamjibu michoro yote iko ofisi ya majengo.

Michoro hiyo ni ya wakati majengo yanafunguliwa. Haionyeshi kwamba friji ya maabara ya samaki inatumia laini ya korido. Niliivutia waya huko mwenyewe soketi yake ilipoungua, iwe ya wiki moja tu. Sasa ina miaka minane. Hakuna mwingine anayejua.

Alishukuru. Akaniita baba. Nikazidi kununa.

Ijumaa, 7 Machi
Swichi zimefungwa. Picha zimepigwa, mimi nimeshika ngazi. Saa kumi na mbili jioni korido zote zikazima kwa pamoja, watu wakashangilia.

Nikapita mlango wa maabara. Friji haingurumi. Nikajiambia watu wa maabara wataona. Nikapanda pikipiki yangu, huyo, nyumbani Kiseke.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia neno. Toka nyumbani mpaka chuoni ni nusu saa. Ningekwenda, ningerudisha swichi, asingejua mtu. Nilikula samaki, sato mzima, nikalala mchana.

Nilitaka akosee. Mara moja tu, mbele ya watu.

Jumatatu, 10 Machi
Harufu ilinipokea ngazini. Umeme ulikuwa umesharudi, friji inanguruma, lakini vya ndani vimeoza. Vilikuwa vipande vya samaki vya utafiti wa Rehema, mwanafunzi wa uzamili. Mwaka mzima alikuwa akienda Sengerema kuvichukua kwa wavuvi. Nilimkuta amekaa sakafuni, kaziba pua kwa mtandio, anasoma lebo moja moja na kuziweka pembeni.

Mungu anisamehe, siku zote hizo sikumfikiria Rehema. Kichwani mwangu alikuwemo Koku peke yake.

Jumanne, 11 Machi
Kikao. Koku kasimama, kasema kosa ni lake, alipaswa kupima kila laini kabla ya kufunga swichi. Akaulizwa kama fundi alimtahadharisha. Akasema Mzee Masanja, ndiye mimi, naye hakujua. Hakuniangalia hata kidogo. Anaamini hivyo.

Na bado namwonea wivu. Hata kukosea, anakosea kwa heshima. Swichi zitang'olewa Ijumaa, na siku hiyohiyo wataamua kama aondoke. Nilichokitaka nimekipata. Chakula hakipiti.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwahi ofisini kwake kabla hajafika mtu mwingine. Sikukaa.

"Nilijua, mwanangu. Ile laini niliivuta mimi. Siku ile uliponiuliza, nilikuficha."

Aliinua macho kutoka kwenye tableti.

"Kwa nini, baba?"

"Wivu."

Hakulia wala hakufoka. Alifunga tableti, akaniomba nikayaseme hayo kwa mkuu. Tulitembea mpaka huko pamoja. Nikayasema yote, mpaka yule sato wa Jumapili. Mkuu aliniangalia kama mtu asiyenifahamu.

Jumatano, 19 Machi
Swichi zimebaki. Koku kabaki. Mimi nina barua ya onyo kali, na nimeamriwa kuchora kila laini iliyomo kichwani mwangu, jengo kwa jengo. Koku anapita jioni kukagua. Anaongea nami kazi tu.

Friji ya maabara nimeivutia laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi kuu ya umeme. Nimeipima mara tatu.

Mchana Rehema kaja karakana. Anaanza upya, keshokutwa anakwenda Sengerema. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili. Aliuliza tu kama friji itaendelea kuwaka swichi zikikata. Nikamwambia itawaka, asiwe na shaka. Akashukuru kwa adabu, akatoka.

Nikamwona kupitia dirisha akienda moja kwa moja ofisini kwa Koku, mkabala na karakana. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia anamuuliza swali lilelile.

Sikukasirika. Ni haki yake. Nikanoa penseli, nikaendelea na jengo la pili, ghorofa ya kwanza.