Mkalimani wa Mama

Kashai, Bukoba
18 Julai 1968

Mpendwa Dada Kokugonza,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Gamaliel. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Karugendo na watoto, na kwamba joto la huko Mwanza halijawachosha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu yake nitakueleza, ila nakuomba unisome polepole, usiitupe barua kabla hujafika mwisho.

Barua yako niliipata salama. Umeuliza jambo moja tu: daktari alisema nini kuhusu Mama? Unasema watu waliotoka Kamachumu wamekuambia amekonda sana, na kila unayemuuliza anakujibu muulize Gamaliel, yeye ndiye aliyemtafsiria. Ni kweli, dada, ni mimi. Na kwa swali hilo nimekosa usingizi.

Kwanza ujue Kiingereza changu kilitoka wapi, maana shule niliiacha darasa la nne. Mzee Zahoro aliponiajiri dukani kwake nilikuwa najua yesi na no, basi. Wamisheni na walimu wa kizungu walikuja kununua sabuni, blanketi na chumvi, nami nikawa naokota neno moja moja kama mtu anayeokota senene chini ya taa. Nikajua hau machi, nikajua chenji. Mzee akinituma huko Mwanza kuchukua mzigo, kwenye meli nilijibanza karibu na abiria wa daraja la pili nisikie wanavyoagiza chai na wanavyouliza bandari. Krismasi na sherehe za Uhuru zikanifunza kukaribisha watu na kuwapongeza. Ndiyo shule yangu yote hiyo: duka, meli na sikukuu. Humo kote sikukutana na mgonjwa.

Lakini sisi Wahaya tunajijua. Viongozi siku hizi za Azimio wanahimiza Kiswahili, ila kwetu Kizungu bado ni sukari. Krismasi ya mwaka juzi nililizunguka gulio la Kamachumu nikiuliza bei kwa Kiingereza, wauza ndizi wakavunjika mbavu. Mama alifurahi mpaka akatoa machozi. Alitaka nimfundishe salamu ya asubuhi, akawa anawaamkia nayo majirani hata jioni. Kanisani akatangaza kwamba mwanawe anaongea na wazungu kama anavyoongea na wajomba zake. Nami sikukanusha. Ningekanushaje, na ilikuwa tamu vile?

Sasa nije hospitalini. Mwezi wa tano nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili wala Kihaya, na Nesi Jovita ndiye huwatafsiria wagonjwa. Alitupokea vizuri akasema ataingia pamoja nasi. Mama, kwa maringo yake yote, akamwambia asijisumbue, mtoto wake anajua. Jovita akanitazama, akaniuliza kama kweli naweza. Dada, pale ndipo ningeokoka. Lakini benchi zima lilikuwa linasikiliza, nami nikamwambia aende tu akahudumie wengine.

Wewe ni mwanamke, unajua lile ambalo mimi sikulifikiri. Umeniandikia kwamba Mama alishakudokezea uvimbe wa kwenye titi. Mama wa Kihaya atamtajiaje mwanawe wa kiume jambo kama hilo? Kwa Jovita angesema. Mbele yangu aliangalia sakafu, akasema mgongo unamuuma. Na hata mgongo sikujua unaitwaje! Nikajipapasa mgongo mbele ya yule daktari kama mwendawazimu. Mhudumu wa kike akampeleka Mama nyuma ya pazia, daktari akampima. Daktari alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniketisha, akaongea muda mrefu, polepole, akaniuliza maswali, nami kila swali nikajibu yesi. Sikuelewa kitu. Mama aliponiuliza anasemaje, nikamwambia ni uchovu wa shamba, apumzike, atapona. Akashukuru kwa kupiga magoti, tukaondoka.

Nikadhani yameisha. Siku ya Saba Saba nilikwenda nyumbani Kamachumu kwa sherehe, ngoma zinalia, na daktari yule alikuwa miongoni mwa wageni walioalikwa. Alipomwona Mama alimjia moja kwa moja, akamshika mkono, akaanza kusema karibu kwa hasira, huku akionyesha upande wa hospitali. Safari hii hata mtoto mchanga angeelewa kwamba anamwita arudi. Watu wakatuzunguka wakingoja nitafsiri. Dada, nilielewa. Ila kusema anamwita ilikuwa kukiri kwamba mara ya kwanza nilidanganya. Nikasema daktari anamtakia Mama sikukuu njema. Watu wakapiga makofi, na daktari akaenda zake akidhani nimemfikishia ujumbe.

Jioni Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akaniambia kwa upole, kwa Kihaya chetu, kwamba tangu siku ya hospitali alijua sikusikia neno, kwa sababu uso wa yule daktari hata yeye aliusoma. Nikaanguka miguuni pake, nikamsihi kesho yake twende kwa Jovita. Akakataa katakata. Alisema akionekana na mtafsiri mwingine watu watauliza Gamaliel yuko wapi, na yeye hawezi kuwapa watu wa Kamachumu mwanawe wamcheke. Yeye ameshakula chumvi ya kutosha, alisema, lakini mimi bado natafuta mke. Loo, dada! Mama yetu yuko tayari kuzikwa ili mimi nisichekwe.

Tangu hapo nimekwenda hadi kwenye geti la hospitali peke yangu, nikarudi. Naona aibu kukuandikia hilo kuliko yote. Lakini Jumapili hii nakwenda Kamachumu, na wakati wa matangazo kanisani nitasimama mbele yao wote niseme sijui Kiingereza, na kwamba nimemdanganya mgonjwa, mama yangu mzazi, mara mbili. Wacheke mpaka wachoke. Mama akikosa heshima yangu ya kulinda, hatakuwa na sababu ya kukaa nyumbani. Jumatatu tutakwenda kwa Jovita, nami nitabaki nje ya mlango. Nawe panda meli ya kwanza utakayoipata, maana kwako atasema yote bila kuficha.

Mwombe radhi shemeji kwa kukuondoa ghafla, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Jirani zetu wa hapa Kashai wanakusalimu, hawajui lolote. Ulitaka kujua daktari alisema nini kuhusu Mama. Sijui, dada. Sikujua siku ile, na mpaka leo sijui.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeweza kukutazama usoni,

Gamaliel